Cheni Iliyopungua Pingili Sita

Katika Kyebando yote, toka barabara ya lami hadi kule bondeni penye mayugwa, hakuna fundi wa baiskeli aliyemshinda Haboba Kulusum. Mwenyewe alilitangaza hilo kila asubuhi akifungua sanduku lake la spana, kwa sauti ya kumfikia Munirah, muuza mkaa wa jirani. Na kabla Munirah hajapata la kujibu, Haboba alijijibu mwenyewe: "Wa kunishinda atoke wapi? Fundi niko peke yangu, kama hilo jino lako la mbele."

Haboba kwa Wanubi ni bibi, na Kulusum alikuwa Mnubi. Babu yake aliletwa Uganda na jeshi la Waingereza, na bunduki yake na viatu vya kubana. "Bunduki walimnyang'anya," Kulusum alipenda kusema, "viatu akaturithisha. Ndiyo maana ukoo mzima tunatembea hivi." Umri wake ulikuwa miaka sitini na minane, au sabini na mitano ikiwa kuna mzigo wa kubebwa.

Marehemu mumewe, Sulaimani, alimwachia kibanda cha mabati, pampu moja, na ujuzi wa baiskeli za aina moja tu: zile nyeusi nzito zinazobeba matoke, ambazo Waganda huziita maanyi ga kifuba, nguvu za kifua, maana gia yake ni kifua chako. Mbele gia moja, nyuma gia moja, basi. Na kwa hizo Sulaimani alikuwa na sheria yake. Cheni ikichakaa, itundike kwenye msumari. Tundika mpya kando yake, hesabu pingili, kata zilingane. "Ya zamani ni mama, mpya ni binti," alisema Sulaimani. "Binti asimpite mama." Kulusum aliishika sheria hiyo miaka thelathini na haikumwangusha hata siku moja.

Mpaka alipokuja Nangila.

Nangila alikuwa Mkenya wa Bungoma, mke wa Masinde, askari wa kampuni ya ulinzi aliyekuwa na geti lake la kulinda kule Naguru. Asubuhi alikaanga mandazi, akayapanga kwenye kreti nyuma ya baiskeli, akapandisha nayo Naguru kuwauzia watu wa maofisini. Baiskeli yenyewe ilikuwa mtumba wa Ulaya, ya gia nyingi, mbele tatu na nyuma nane. Alijifunza kuiendesha akiwa na miaka thelathini na minne, kwenye uwanja wa shule, siku za Jumapili, watoto wakimshangilia kila akianguka.

Jumatatu hiyo aliisukuma hadi kibandani, na mkononi alikuwa na kavera, mfuko wa plastiki, yenye vyuma.

"Haboba, aki hiyo mlima ya Naguru itanizika. Nikifika juu, mandazi imepoa na mimi ndiye nimeiva."

"Basi wauzie wewe, mandazi urudi nayo nyumbani."

Nangila alicheka, akafungua kavera. Ndani mlikuwa na cheni mpya na kaseti, yaani lile fungu la gia za nyuma zilizopangwa kama sahani, ndogo juu ya kubwa. Kaseti yake ya zamani, gia kubwa kabisa ilikuwa na meno ishirini na nane. Hii mpya ilikuwa na meno thelathini na sita.

"Mashallah," akasema Haboba, "hii ni gia au sinia la pilau?"

"Mwenye kuniuzia amesema na hii nitapanda mlima kama nakaa kwa kiti." Nangila akapunguza sauti. "Lakini ifanye vizuri, Haboba. Masinde hakutaka hii baiskeli toka mwanzo. Amesema siku ile nitaanguka barabarani, anaipeleka Bungoma kwa ndugu yake. Na Masinde akisema kitu, amesema. Haboba, mimi tangu nizaliwe nimetembea na miguu ya watu. Ya kungoja boda, ya kungoja mume, ya kungoja jirani anipeleke. Hii ndiyo miguu yangu."

"Iache hapa," akasema Haboba. "Jioni utaikuta imekuwa farasi."

Sasa, Haboba hakuwa amewahi kubadilisha kaseti ndogo kwa kubwa. Alijua kuifungua, alijua kuifunga. Kama kuna la zaidi hakulijua, na kule Kasubi alikuwepo shemeji yake Latif, mdogo wake Sulaimani, aliyetengeneza baiskeli za mashindano, ambaye angemweleza kwa simu kabla maji ya chai hayajachemka. Lakini kumpigia Latif na kumuuliza! Latif ambaye yeye Haboba ndiye aliyemfundisha kuziba pancha! Bora ameze nati.

Basi akafunga kaseti mpya, ikakaa vizuri. Akatoa cheni ya zamani, akaitundika kwenye msumari. Akatundika mpya kando yake. Akahesabu pingili za mama: mia moja na nne. Akakata binti mia moja na nne, kile kipande kilichobaki akakitupa kwenye kopo. Akavalisha cheni, akainua gurudumu la nyuma, akazungusha pedeli. Gia ndogo: safi. Ya pili, ya tatu: safi. Alipofika ya tano aliona kile kimkono cha chuma kinachoning'inia nyuma, kinachosogeza cheni kutoka gia hii kwenda ile, kimeanza kuvutwa mbele kama mbuzi anayekataa kamba. Akakitazama. Kimkono nacho kikawa kama kinamtazama. Hapo ndipo msikitini wakaadhini, na Haboba akashukuru kuitwa, akarudisha cheni kwenye gia ndogo, akaenda zake kutawadha.

Jioni Nangila akauliza, "Umejaribu zote?"

"Zote."

Neno dogo, herufi nne. Lilimtoka kama mate.

Jumatano, saa tatu asubuhi, Munirah alikuja mbio kutoka kwenye mkaa wake, mikono myeusi, akisema kuna Mkenya ameanguka Naguru, mwanamke, mandazi yote chini, magari yanayapitia juu. Haboba alikuwa ameshika pampu. Akaendelea kupampu gurudumu ambalo lilikuwa limejaa tayari, mpaka mwenye baiskeli akamshika mkono.

Kabla ya adhuhuri wakafika wenyewe. Masinde alitangulia, na sare yake, baiskeli ameibeba begani kama mtu aliyebeba ng'ombe aliyekufa. Nangila alikuwa nyuma, mkono wa kulia umechunika toka kiwiko hadi kwenye kidole, kilemba kimejaa vumbi. Kile kimkono cha gia kilikuwa kimekatika, kinaning'inia kwenye cheni. Cheni yenyewe ilikuwa nzima.

Masinde akaiweka baiskeli chini, akamwamkia Haboba kwa heshima zote. Alikuwa mtu wa heshima, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Mama, ameanguka mbele ya geti yangu mimi. Hapo hapo. Nimesimama na bunduki, wenzangu wako hapo, bosi anatoka na gari. Bibi yangu anakuja kama gunia ya viazi. Sasa wananiita Mzee Mandazi." Akajikung'uta vumbi begani. "Mimi nauliza kitu moja tu. Ni baiskeli ama ni mtu? Kama ni baiskeli imeharibika, sawa, chuma ni chuma, hata gari ya serikali inaharibika. Lakini kama ni yeye hajui kuendesha, nilisema neno yangu, na neno yangu haibadiliki."

Haboba akainama juu ya baiskeli. Mbele cheni ilikuwa kwenye gia kubwa kabisa. Nyuma ilikuwa imeanza kuparamia lile sinia la meno thelathini na sita, ikaishia katikati ya njia. Akaelewa, au nusu yake. Nangila alichoka mlimani, akabonyeza akitafuta gia nyepesi nyuma, bila kushusha ya mbele. Kubwa kwa kubwa. Mafundi wote husema hivyo havifai. Hata Sulaimani, ambaye hakuwa na gia, alikuwa akisema hivyo havifai.

Mlango wa kujitetea ulikuwa wazi, na Haboba akapita.

"Ameweka kubwa kwa kubwa," alisema. "Haiwekwi. Mbele kubwa na nyuma kubwa, ni kama wake wenza kitanda kimoja, lazima kitu kivunjike."

Watu wawili watatu waliokuwa wanasikiliza wakacheka. Masinde hakucheka.

"Kwa hiyo ni mtu."

Haboba alijifuta mikono kwenye kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Baiskeli haijiendeshi," akasema.

Alitegemea Nangila abishe. Kubisha kungemsaidia, mtu akikubishia unapata pa kushika. Lakini Nangila aliinamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, Haboba. Umenifanyia kazi nzuri, mimi nimeiharibu."

"Aa, si kitu," akasema Haboba.

Masinde akaeleza kwamba Jumamosi baiskeli itapanda basi. Haboba aitengeneze kwanza, tafadhali, maana haifai kumpelekea ndugu chuma kilichovunjika. Wakaondoka, Masinde mbele, Nangila nyuma, kwa miguu.

Kibanda kilipotulia, Haboba alichukua uzi wa ukindu aliobaki nao baada ya kusuka kitanga. Akauzungusha kwenye gia kubwa ya mbele, akaupeleka nyuma kwenye gia kubwa ya meno thelathini na sita, akaurudisha. Hakuwa na mwalimu, lakini hata mbuzi anajua kamba ikiwa fupi hafiki kwenye majani. Akaongeza urefu kidogo wa kupumulia, akaulaza uzi kando ya cheni mpya, ile aliyoikata kwa mkono wake. Akahesabu. Uzi ulitaka pingili mia moja na kumi. Cheni ilikuwa na mia moja na nne.

Akahesabu tena, kwa Kinubi mara hii, pengine Kiswahili ndicho kilichomwonea. Mia moja na nne.

Kumbe mtu yeyote, hata awe mjuzi wa gia, siku moja angeifikia ile kubwa kwa kubwa, na siku hiyo angeanguka. Mama wa cheni alizaliwa kwa meno ishirini na nane. Binti aliolewa kwenye nyumba ya meno thelathini na sita, wakamkatia nguo ya mama yake. Sulaimani hakukosea. Sulaimani hakuwahi kuiona nyumba hiyo.

Kwenye kopo kipande kilichokatwa kilikuwepo, pingili kumi na mbili. Kuunga sita ilikuwa kazi ya dakika kumi. Alikitoa, akakipangusa, akakirudisha. Maana kukiunga ni kukiri, hata kama hakuna wa kuona. Kesho, akasema.

Alhamisi Nangila alimtuma jirani na sahani ya mandazi imefunikwa kwa kitambaa. "Amesema ni pole ya kukusumbua." Haboba alifunua kitambaa, akakifunika tena. Akampa Munirah yote.

"Haboba! Wewe na mandazi?"

"Tumbo."

"Tumbo lako hilo ambalo mwaka jana lilikula harusi mbili siku moja?"

"Munirah, tafuna. Jino lako linafanya kazi ya watu thelathini na wawili, lisipoteze muda."

Lakini hata utani haukukaa sawa mdomoni. Siku hizo mbili alijitetea kama wakili. Kwanza, hakuapa. Yeye ambaye husema wallahi hata akiagiza chumvi, siku ile hakusema wallahi, na hilo bila shaka limeandikwa mahali. Pili, kubwa kwa kubwa kweli haiwekwi. Tatu, Nangila ni kijana, ataweza kutembea. Alipofika kwenye hii ya tatu aliuonea haya uso wake mwenyewe kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki ya watu.

Ijumaa baada ya swala alijifunga shuka safi, akaenda kwa kina Nangila kusema ukweli. Walikaa kwenye mizigo, yaani vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la dawa. Masinde alikuwa mlangoni anapiga viatu rangi. Nangila alikuwa ndani akipima unga kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umefungwa bendeji.

"Karibu mama, karibu kiti," Masinde akainuka. "Nimeshaongea na ndugu yangu. Amefurahi sana. Atakuwa anabebea maziwa."

Nangila hakugeuka. Aliendelea kupima unga ule ule, akautoa, akaupima upya.

Haboba akafungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, aliyapanga njia nzima kama mtoto anayetumwa dukani: *mimi ndiye niliyekata cheni fupi*. Maneno matano. Akamtazama Masinde, brashi mkononi, anangoja kwa adabu.

"Nimekuja," akasema Haboba, "kuuliza mandazi yako unatia iliki kiasi gani."

Nangila akamwambia. Haboba akarudi nyumbani anajua iliki.

Jioni hiyo ndipo alipompigia Latif, maana kimkono kipya cha gia hakikupatikana Kyebando.

"Shemeji!" Latif akapiga kelele. "Umekubali kufa au unataka kuolewa?"

"Nataka mkono wa gia nane. Uulete hapa kesho mapema."

"Baiskeli ya nani?"

"Ya mtu."

"Imevunjikaje?"

"Kama vitu vyote. Ilikuwa nzima, kisha haikuwa nzima."

Mpango wake ulikuwa huu. Jumamosi ataamka, ataswali, ataunga zile pingili sita kabla jua halijapata joto, Latif atafika akute cheni ndefu, atafunga mkono, atakwenda zake. Angalau huyo ndugu wa Bungoma asivunjike shingo na maziwa yake. Na Masinde atakapokuja, labda maneno yatatoka yenyewe. Watu husema maneno hutoka yenyewe.

Lakini Masinde alikuwa askari, na basi la saa tatu yeye huliwahi saa moja. Haboba alipofika kibandani na ufunguo, aliwakuta wote watatu wanamngoja: Masinde na kamba ya kufungia mzigo, Nangila na mkono wake, na Latif ameketi juu ya gunia la Munirah, anacheka na kila mtu.

"Shemeji, umezeeka! Zamani ulikuwa unafungua kabla jogoo hajavaa."

"Jogoo wa siku hizi hana nguo," akasema Haboba, akaingiza ufunguo kwenye kufuli.

Latif hakuwa na ubaya. Aliitoa baiskeli, akaigeuza miguu juu, akafungua ule mkono uliovunjika, akautazama na kupiga mbinja. "Huu umevutwa. Angalia. Umenyongwa." Akamgeukia Nangila. "Ulikuwa gia gani, dada?"

"Kubwa kwa kubwa," Nangila akasema polepole. "Ni makosa yangu. Haboba alinieleza."

"Makosa?" Latif akainua nyusi. "Si vizuri, ndiyo, cheni inalalamika. Lakini haivunji kitu. Mtu akichoka mlimani anabonyeza tu, hana akili ya kuhesabu. Ndiyo maana fundi anapima cheni hapo hapo, kubwa kwa kubwa, anaongeza pingili mbili. Ili mtu akikosea, alalamikiwe, asiuawe."

Masinde aliacha kukunjua kamba. Akamgeukia Haboba, kwa heshima zote.

"Mama, ulipima hapo?"

Munirah alikuwa amesimama na sufuria ya mkaa. Nangila alimtazama Haboba, na machoni mwake hamkuwa na shaka yoyote. Mlikuwa na kitu kama matumaini madogo, ya kuona aibu, kwamba huenda kosa si lake.

Hapo ilikuwepo nafasi. Ilikaa mbele yake wazi, pana kama barabara ya bypass.

"Nilipima," akasema Haboba. "Kubwa kwa kubwa. Nikazungusha mara tatu, wallahi, macho yangu haya."

"Basi hakuna neno," akasema Latif, na mikono yake, kwa mazoea tu, kama mtu anayechezea tasbihi, ikafungua cheni kwenye kiungo chake, ikaizungusha kwenye gia kubwa ya mbele.

"Acha hiyo, Latif. Nimeshasema nilipima. Funga mkono, watu wana basi."

"Nusu dakika, shemeji."

Akaipeleka nyuma, kwenye lile sinia la meno thelathini na sita. Akazileta ncha mbili za cheni pamoja, chini, mahali ambapo zinatakiwa kukutana. Hazikukutana. Kati yake ulibaki mwanya wa vidole viwili, na kupitia mwanya huo ulionekana mlango wa kibanda na kivuli cha Munirah.

Latif akavuta. Akatazama mwanya. Akamtazama shemeji yake, na kicheko chake kikamwisha usoni taratibu, kama maji yanayonywewa na mchanga.

"Shemeji," akasema, "ulizungusha na cheni gani?"

"Jana ilikuwa inafika," akasema Haboba. "Hii baridi ya asubuhi..."

Hakucheka mtu. Masinde alikuwa anaikunja ile kamba tena, polepole, mkunjo juu ya mkunjo, bila kuondoa macho kwa yule mwanamke mzee.

Nangila akachuchumaa kando ya Latif. Akazichukua zile ncha mbili kutoka mikononi mwake, moja kwa mkono mzima, moja kwa mkono wenye bendeji, akazivuta. Akavuta kwa nguvu zake zote, midomo imekazwa, na damu ikaanza kupenya kwenye kitambaa. Akavuta kama mtu anayetaka kwa hali yoyote zifike, hata mara moja tu, ili Haboba awe amesema kweli.